Kimya cha Protase

Kampala, Uganda
1 Machi 1953

Kwa Shangazi Auleria, mlezi wangu,

Shikamoo Shangazi. Na shikamoo nyingine, maana ile ya asubuhi niliyoondoka niliimeza pamoja na machozi, sidhani kama uliisikia. Mimi ni mzima isipokuwa miguu. Naomba barua hii ikukute unapalilia na si unaumwa, na Baba naye mgongo uwe umemwachia. Mwambie tulivuka Kagera pale Murongo salama, mtumbwi mmoja na mbuzi wanne wa watu, na mbuzi mmoja akala ukingo wa kofia yangu. Kwa hiyo nimeingia Kampala na kofia iliyotafunwa.

Sasa habari zenyewe. Tuko wanane katika hili kundi linaloitwa Wanafunzi wa Biashara. Wenzangu wamezaliwa mjini, wanazungumza Kiingereza hata wakijikwaa. Mwalimu Mkuu ni Mwingereza mrefu, mcha Mungu, anayesali kabla ya kufungua hata dirisha. Siku ya kwanza alipoingia darasani nilichuchumaa kumwamkia, kama tunavyomwamkia mkubwa kwetu. Darasa zima likaangua kicheko. Nilibaki pale chini sijui niinuke au nifie hapo hapo. Ndipo kijana mmoja wa mwaka wa pili akatoka kitini pake, akaja akachuchumaa kando yangu, akamwamkia Mwalimu kwa Kihaya, lugha iliyo jirani na yetu, kama nilivyofanya mimi. Kicheko kikakatika.

Anaitwa Byabato, mtu wa Kamachumu, baba yake ana duka. Ni Mlutheri, lakini usikunje uso. Desturi ya hapa ni kwamba kila mgeni hupewa mwanafunzi wa juu yake awe mlezi wake, na mimi nimepewa yeye. Ananifundisha kuuliza bei bila kuonyesha kuwa nakitaka kitu, kupinga neno la mkubwa bila kumvunjia heshima, na kutumia mashine ya kupiga chapa ambayo inanila vidole. Kila Alhamisi tunakaa duara, mmoja anazungumza juu ya biashara ya kwao na wengine wanamhoji mpaka atokwe jasho. Mimi bado sijafungua mdomo.

Waambie wazee wa chama cha wakulima sijasahau walichonituma. Miaka miwili tu, nirudi niwe karani wao hapo Ndama, kahawa yao isipimwe tena na watu wanaoweka kidole kwenye mizani. Nikishindwa hawana mwingine wa kumtuma, nalijua hilo kila ninapoamka.

Ile kahawa ya kutafuna uliyonifungia kwenye maganda ya mgomba ninayo bado. Naila moja moja. Ukiondoa Byabato, Shangazi, huku sina mtu.

Mwanao,
Protase

*

Ndama, Karagwe
29 Machi 1953

Mwanangu Protase,

Marahaba, na ile uliyoimeza pia nimeiitikia. Sisi tupo. Mvua imeshika, mgomba wa nyuma ya nyumba umeanguka na mkungu wake mchanga, baba yako amenuna siku mbili kana kwamba mimi ndiye niliyeusukuma. Mgongo wake haujapona, ila ukimuuliza anasema umepona. Barua yako nimemsomea mara tatu. Pale pa mbuzi na kofia anacheka, pale pa wewe kuchekwa niliparuka.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu masista walionifundisha kusoma walinifundisha kwa Kiswahili, na Runyambo, lugha yetu, nikiiandika inanitoka kama nyayo za kuku.

Sasa sikiliza. Huyo kijana aliyechuchumaa na wewe usimwite mlezi tu. Mlezi umepewa, na ulichopewa unaweza kunyang'anywa. Hao wa mjini marafiki zao ni wa mdomo. Sisi tuna njia yetu. Nilikufungia ile kahawa kwa kazi hiyo, nawe unaitafuna kama bisi! Chukueni buni moja iliyo na punje mbili. Kila mmoja ajichanje kidogo juu ya kitovu, apake damu yake kwenye punje moja, na mwenzake aile kutoka kiganjani mwake. Huo ndio omukago, udugu wa damu, na walioufunga huitwa wanywani; naye kama ni Mhaya kweli anaujua. Kuanzia hapo hakunyimi nawe humnyimi. Siri yake unaifukia. Ukimsema mbele za watu, ile kahawa inakuvimba tumboni.

Padre hapendi mambo haya, na mimi simwulizi. Marehemu mume wangu Rwegoshora alinywana hivyo na mtu mmoja wa Nyakahanga, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kumsema. Karagwe yote ilimsifu. Hilo ndilo alilonirithisha.

Fanya hivyo, mwanangu, usiwe peke yako.

Shangazi yako,
Auleria

*

Kampala
14 Juni 1953

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Hali yangu safari hii ni njema kweli, si ile ya kuandika tu. Msalimie Baba, mwambie migomba huanguka ili mingine ipate jua. Mwambie pia kofia imeshonwa, na aliyeishona ni Byabato.

Tumefanya. Nilimweleza nikiwa na aibu, nikidhani atasema ni mambo ya kizamani. Yeye akasema, "Babu yangu alikuwa na wanywani watatu. Mimi sina hata mmoja." Tulitumia wembe wangu wa kunyolea. Alifumba macho kabla haujamgusa, mimi nikacheka, naye akacheka, punje ikaanguka tukaitafuta sakafuni kwa magoti. Baadaye tulikaa tu. Nilijisikia nimefika nyumbani, sijui niseme vipi.

Na mengine yamefunguka. Alhamisi iliyopita nilizungumza kwenye duara. Nilieleza jinsi kahawa yetu inavyoanikwa chini kwenye udongo, ikinyonya unyevu, na mnunuzi anavyoinusa na kusema haina thamani. Walinihoji saa nzima. Mmoja wa wale walionicheka siku ile alikuja kuniomba nimwandikie jina la Ndama vizuri kwenye daftari lake. Shangazi, sikujua kuwa mtu anaweza kuwa na wenzake namna hii, watu wanaobishana nawe kwa sababu wanataka uwe bora zaidi. Nina watu sasa.

Jambo moja nataka ushauri. Byabato anamaliza mwaka huu, na lazima aandike taarifa ndefu juu ya zao fulani alilolichunguza mwenyewe. Amekwama. Ameniomba nimwandikie. Ninaweza, ninayo yote kichwani, ya Ndama na vijiji vya jirani. Lakini sheria ya hapa inasema kila mtu aandike yake. Nimemwambia nitafikiri.

Na mimi nikuulize, marehemu mumeo Rwegoshora alifariki kwa ugonjwa gani? Sijawahi kuambiwa.

Mwanao,
Protase

*

Ndama
23 Agosti 1953

Mwanangu,

Marahaba. Tuko kwenye mavuno, mikono yangu ni myeusi kwa utomvu, ukiona alama kwenye karatasi ndizo hizo. Baba yako na wenzake wanajenga banda la chama. Wamekuachia chumba chenye dirisha upande wa barabara, na baba yako amebeba miti mwenyewe ingawa nilimkataza. Jioni anakaa humo bila kazi yoyote, anatazama nje.

Nimefurahi kwamba una watu. Nimefurahi sana, nikaenda kulia jikoni ili moshi usingiziwe.

Kuhusu taarifa, wanauliza nini hao wazungu? Mnywani wako ameomba. Alichoomba mpe. Omukago hauna "nitafikiri".

Rwegoshora aliugua homa.

Shangazi yako,
Auleria

*

Kampala
21 Februari 1954

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe miezi hii yote. Najua mmekula senene bila mimi na Krismasi imepita. Natumaini Baba yu salama. Mimi mwili ni mzima.

Nitakueleza kwa mpangilio ili nisipotee. Ile taarifa niliiandika, kurasa arobaini. Byabato alitia jina lake. Ilisifiwa kuliko zote, Mwalimu Mkuu akamwita aisome mbele ya duara. Nilikaa nikasikiliza habari za Ndama, za Baba na mikeka yake ya kuanikia kahawa, zikitoka katika kinywa cha mtu ambaye hajawahi kufika. Sikuona uchungu, nilijivuna kimoyomoyo. Akapata cheti, akabakizwa hapa kuwa msaidizi wa Mwalimu.

Mwezi wa kwanza walokole walikuja kuhubiri. Byabato aliokoka. Ninyi huko mnawasikia tu, mimi nimeishi nao, hawawezi kulala na jambo moyoni. Kila dhambi lazima itolewe hadharani, wanaita kutembea nuruni. Basi Alhamisi, mbele ya duara lote, alisimama akasema taarifa haikuwa yake, mimi ndiye niliyeiandika. Akaongeza kwamba tulifungwa na agano la damu la kishenzi na kwamba Bwana amemfungua. Kisha akanijia analia, akanikumbatia, na wenzetu wawili wakaanza kuimba. Uso wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto aliyeogeshwa.

Yeye amesamehewa. Mwalimu Mkuu alilia pia. Mimi niliitwa ofisini. Akaniuliza kwa upole, "Protase, ni kweli aliyoyasema ndugu yako?" Nikanyamaza. Akauliza ni nani kati yetu aliyetoa wazo la taarifa. Nikanyamaza. Akasema yanatosha maneno machache tu, nikiri na nilikatae lile agano mbele ya duara, nami nitaendelea na masomo. Shangazi, kusema ni yeye aliyeniomba ni kumsema. Kulikataa agano ni kulitapika. Nilihisi tumbo langu likivimba, naapa, nikalishika kwa mikono miwili. Mwalimu akadhani nina kiburi.

Amenipa mpaka Jumamosi tarehe 27 Machi. Nisiposema kufikia hapo, nitafungasha. Wenzangu kwenye duara wamesogeza viti. Hawanitukani, wananiombea.

Swali langu ni moja. Mtu akisemwa na mnywani wake kwanza, je, yeye bado amefungwa? Au yuko huru kusema? Mwenye kujua mambo haya ni wewe, sina mwingine wa kumuuliza. Ukinijibu mara moja, barua itanifikia. Neno moja tu linatosha.

Mwanao,
Protase

*

Ndama
4 Aprili 1954

Mwanangu Protase,

Marahaba. Salamu za hapa zote ni nzuri. Mvua ya mwaka huu ni kubwa, barabara ya Kayanga imekatika mahali pawili. Maharage yameoza. Baba yako alianguka bandani ila hakuumia sana. Tuko katika Kwaresima, na padre ametuhubiria juu ya subira.

Barua yako ilifika. Mambo ya omukago ni mambo ya wanaume, mimi ni mwanamke tu, sijui kila kitu. Nilitaka kuuliza wazee, lakini mvua ilizuia. Mwombe Mama Maria akuongoze. Mwalimu mcha Mungu hawezi kumfukuza mtoto wa watu.

Nimechelewa kidogo kuandika kwa sababu ya mvua.

Shangazi yako,
Auleria

*

Kampala
30 Mei 1954

Kwa Shangazi na Baba,

Shikamooni wote wawili. Mimi ni mzima, masomo yanaendelea vizuri. Lile jambo dogo nililoliandika limekwisha, msilifikirie. Mwalimu Mkuu ni mtu mwema. Tumejifunza namna ya kuandaa mkutano wa wanachama, jambo litakalotusaidia hapo Ndama. Barua hii nampa msafiri anayepita Murongo, ndiyo maana haina muhuri wa posta. Msinitumie kitu, nina kila kitu. Na tafadhali msiandike kwa sasa, maana tunahamishwa bweni.

Baba, usibebe miti.

Mwanenu,
Protase

*

Ndama
12 Septemba 1954

Mwanangu,

Barua hii anakuletea Melkiory, jirani yetu, mkononi. Ndiye aliyekuona, mwezi wa saba, alipopeleka ndizi kwenye machimbo ya bati huko Kyerwa. Anasema ulikuwa umesimama majini mpaka magotini unachuja mchanga, na alipokuita ulimgeuzia mgongo. Nimemwonya asimwambie mtu. Kwa hiyo walikufukuza, na usinidanganye tena habari za bweni. Uko mwendo wa siku mbili kutoka jikoni kwangu.

Sikukasirika. Nani nimkasirikie? Nitakuambia sasa kile nilichopaswa kukuambia mwezi wa tatu.

Rwegoshora hakufa kwa homa ya nyumbani, alifia kifungoni Bukoba. Aliyemkata kwa panga mnyapara wa Mkama, mtawala wetu wa Karagwe, alikuwa yule mnywani wake wa Nyakahanga. Walikamatwa wote wawili, na yule wa Nyakahanga akawahi kusema kuwa ni Rwegoshora. Wazee wa ukoo walikuja kwangu wakaniambia, "Mwanamke, nenda kamwambie mumeo, aliyesemwa kwanza amefunguliwa. Omukago umevunjwa na mwingine, kahawa haitamdhuru. Aseme." Nilikwenda. Akaniuliza kwenye tundu la mlango, "Auleria, niseme?" Watu walikuwa wamejaa nje, wanamsifu kwa kimya chake, na mimi nilikuwa na miaka ishirini, sifa zilinilevya. Nikamwambia mwanamume hasemi. Yale ya wazee sikumwambia. Mwaka wa pili wakaniletea shuka lake.

Barua yako ya mwezi wa pili ilinifikia tarehe sita Machi. Jibu nilikuwa nalo siku ile ile. Uko huru, sema. Maneno matatu. Nilikaa nayo wiki nne. Mvua haikunizuia, posta ilikwenda kila Jumanne. Kila nikishika kalamu naona kwamba nikikuandikia hivyo, nimejiandikia na mimi kwamba mume wangu alikufa bure na mimi ndiye niliyemuua. Basi nikangoja mpaka siku yako ipite, ndipo nikaandika. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Tumbo lililovimba, mwanangu, ni langu.

Kuna jingine, na hili ndilo la haraka. Byabato yuko hapa. Kwa sababu ya ile taarifa uliyomwandikia, wakubwa wanasema hakuna anayeijua kahawa ya Karagwe kama yeye, na kwa sababu alikiri wanasema hakuna mwaminifu kama yeye. Wamempa ukarani wa chama chetu. Anakaa katika chumba chenye dirisha. Wazee wameambiwa ni wa muda, mpaka wewe umalize. Si mtu mbaya, hilo ndilo linaloniudhi. Mizani yake ni ya haki. Alikuja kwangu, akapiga magoti mlangoni, akalia, akaniita mama. Mnywani wa mwanangu ni mtoto wa nyumba, nilipaswa kumpa chakula. Nilisimama mlangoni nikamnyima hata maji.

Baba yako hajui kitu. Barua yako ya mwezi wa tano anaitembeza mfukoni. Wageni wakija ananiita niwasomee. Sasa huyu Byabato anasema hawezi kuendelea kumtazama mzee machoni akiwa na uongo kati yao. Nimemsihi. Nimemwambia mzee ana moyo dhaifu. Analia, lakini hawezi, wokovu wake haumruhusu. Amenipa mpaka Jumapili ya tarehe 26, baada ya ibada, ndipo atakuja kumweleza yote.

Njoo kabla yake. Njoo umwambie kwa mdomo wako. Mtoto akijisema mwenyewe baba hukasirika kisha hupoa, akisemwa na mgeni haponi. Njoo hata na matope yako. Safari hii nimekujibu mapema.

Shangazi yako,
Auleria

*

Kampala
3 Oktoba 1954

Shangazi,

Shikamoo. Sehemu hii ya juu isome peke yako, kisha ikate uichome. Najua umeshaona nilivyoandika Kampala hapo mwanzo. Utaelewa.

Nilikuja. Barua yako ilinipata Jumatano, msimamizi akaninyima ruhusa mpaka Ijumaa jioni, nikatembea Jumamosi yote. Nilifika Ndama Jumapili mchana, saa ambayo wamekwisha toka ibadani. Nilipita nyuma, katikati ya migomba, nikijipangia maneno. Nilikuwa nimeamua, Shangazi. Nilikuwa nitapiga magoti na kusema yote.

Byabato alikuwa ameshaingia. Wewe ulikuwa umesimama kwenye kizingiti unatazama barabara, na mimi nilikuwa upande wa pili, nyuma ya ukuta wa matete, karibu na Baba kiasi cha kusikia anavyopumua. Nilimsikia Byabato akimweleza. Hakuongeza wala hakupunguza. Alisema mimi ni ndugu yake kuliko yeyote aliyezaliwa na mama yake, na kwamba amenipoteza. Alisema kweli.

Unajua Baba alichojibu, maana ulikuwepo. "Mwongo wewe. Mwanangu yuko Kampala, anasoma na wenzake. Barua yake hii hapa. Auleria, msomee." Nawe ukasita, akapaza sauti, "Msomee!" Ukaisoma. Nilikusikia ukisoma habari za mkutano wa wanachama, sauti yako ikikatika, na Baba akimalizia maneno ambayo wewe ulishindwa, kwa sababu anayajua yote kwa moyo. Kisha akamfukuza Byabato kwa fimbo, akakaa, akaipokea barua kutoka kwako akairudisha mfukoni. Niliona mkono wake kupitia matete.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ningeingia pale na matope yangu, yeye ndiye angekuwa mwongo mbele ya mtu aliyetoka kumfukuza. Sikuweza. Nilirudi nilikotoka.

Sikulaumu kwa zile wiki nne. Nililaumu, sasa nimechoka. Hata ungejibu siku ile ile, sijui kama ningefungua mdomo, nilikuwa nimependa sana kuwa na mtu. Usimwite Byabato mbaya. Mpe maji akija.

Kuanzia hapa msomee Baba.

Baba mpendwa, shikamoo. Mimi ni mzima, na habari ni njema. Nimefaulu mitihani yangu. Mwalimu Mkuu amenipenda, ameniomba nibaki mwaka mmoja au miwili zaidi nimsaidie kufundisha wageni, kwa hiyo msinitazamie upesi. Wenzangu wa kwenye duara wanakusalimu wote. Shangazi ameniandikia kwamba kuna kijana amekuja huko, anajiita ndugu yangu wa damu, naye amekuletea maneno juu yangu. Ulivyomjibu ndivyo, Baba. Mtu huyo simjui.

Mwanao,
Protase